Umepiga dawa ya magugu na mambo hayajakaa sawa? Soma dalili kabla ya kuongeza dozi

Dawa ya magugu ikigoma, wakulima wengi hukimbilia jambo moja: kuongeza dozi. Kifuniko kimoja kinakuwa viwili, msimu unaofuata vinakuwa vitatu, na mwenye duka la pembejeo naye anaafiki kwa kuwa anauza. Lakini mara nyingi shida haiko kwenye dozi. Iko kwenye maji, kwenye saa uliyopiga, kwenye aina ya gugu au kwenye bomba la kupulizia lenyewe. Ukiongeza dozi bila kujua chanzo unapoteza hela, unaharibu zao linalofuata, na sumu inayokuchuruzikia mgongoni inazidi kuwa kali. Hapa tutaanza na kile unachokiona shambani, kisha tutarudi nyuma kukitafuta kilichosababisha. Pale ambapo dawa siyo jibu, nitasema wazi ni nini kifanyike badala yake.

Kwanza zunguka shamba ukitazama umbo la tatizo. Likienda kwa mistari iliyonyooka, chanzo ni upigaji. Likiwa kali upande wa mpaka wa jirani na kupungua kadiri unavyoingia ndani, huo ni upepo. Likifuata mabaka ya kichanga au sehemu za mabondeni, fikiria dawa ya kupiga kwenye udongo. Likiwa shamba zima kwa kiwango kimoja, chunguza dozi, mchanganyiko, uchafu wa bomba au dawa yenyewe. Magonjwa na wadudu ni nadra kutembea kwa mstari ulionyooka.

Kisha chukua chupa, usome jina la sumu iliyomo, siyo jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Glifosati hupenya kwenye jani na kusafiri hadi mizizini. Parakwati huunguza kile tu ilichokigusa. Atrazini na metolaklori hufanya kazi zaidi kwenye udongo, mbegu za magugu zinapoanza kuota. 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuyaacha ya jamii ya nyasi. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini linatokana na kuitumia moja ya hizi kana kwamba ni nyingine.

"Siku tano zimepita, magugu bado ya kijani"

Kama ni glifosati, huenda hakuna tatizo lolote. Dawa hii inaua taratibu kwa sababu inaunyima mmea viini fulani vya kujengea protini, na mmea huishi kwa akiba yake kwa siku kadhaa kabla haujaanguka. Magugu ya msimu mmoja huanza kugeuka manjano ndani ya wiki moja hivi. Ndago na sangari, ambayo ni magugu ya kudumu, huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu. Usisubiri kwa kubahatisha. Ng'oa gugu moja, livue majani ya nje hadi ufike kwenye kiini, utazame jani changa kabisa pale chini linapoanzia. Likiwa limepauka, lina manjano au weupe huku majani ya nje bado mabichi, dawa imeshafika, iache ifanye kazi yake. Kiini kikiwa kijani kibichi na kigumu baada ya siku kumi, haikufika.

Parakwati ni kinyume chake. Kwenye jua kali majani hunywea ndani ya saa chache. Kesho yake usipoona chochote, kuna kasoro.

Kasoro ya kwanza ya kuchunguza ni maji. Glifosati na parakwati zote hunaswa na chembe za udongo, zikishanaswa haziui tena. Ukichota maji ya mfereji yenye tope, dawa inamalizika ndani ya bomba kabla hujaanza kutembea. Vumbi nalo hufanya vilevile: magugu ya kando ya barabara ya vumbi, yenye majani yaliyogeuka rangi ya udongo, hayafi vizuri hata dawa iwe halisi. Subiri mvua iyaoshe, yakauke, ndipo upige.

Maji yakiwa meupe lakini ya chumvichumvi, kama ya visima vingi vya Dodoma na Singida ambayo sabuni haitoi povu, kalisi (kalsiamu) iliyomo inaishika glifosati na kuidhoofisha. Tiba ya kwanza ni maji ya mvua. Tiba ya pili ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia): gramu 200 hadi 300 kwa bomba la lita 16. Iyeyushe kwanza na kuichuja kwa kitambaa, ndipo umimine dawa. Utaratibu huo ni wa lazima, kwani ukitanguliza dawa, kalisi itakuwa imeshaishika.

Kasoro nyingine ni mvua kunyesha mapema. Glifosati nyingi zinahitaji takriban saa sita juu ya jani bila mvua. Parakwati hushika kwa nusu saa hivi. Umande mzito wa alfajiri pia huiteremsha dawa chini, kwa hiyo subiri majani yakauke. Magugu yaliyonyauka kwa ukame nayo hayanywi dawa: jani limejikunja, limejifunga, halisafirishi kitu. Kuyapiga mwezi wa ukame "ili yafe vizuri" ni hasara tupu.

Ukishaondoa hayo yote, shuku dawa feki. Tazama kama lakiri ya kifuniko haijaguswa, kama lebo ni ya Kiswahili na ina namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na kama bei haiko chini mno kuliko madukani kwingine. Dai risiti. Bila risiti huna pa kuanzia ukitaka kulalamika.

"Yalikauka yote, wiki tatu baadaye yamechipua"

Hapa ulitumia dawa ya kugusa kwenye gugu lenye akiba chini ya ardhi. Parakwati huunguza majani na kuishia hapo. Sangari ina mashina marefu yanayotambaa udongoni, kila kifundo kina jicho la kuchipua. Kwa hiyo kilichokauka ni majani tu.

Ndago nitaieleza kwa kirefu, maana imewatoa watu wengi kwenye mashamba mazuri. Chimba moja taratibu kwa kisu, usiing'oe. Utakuta chini ya majani kuna kijiazi cheusi chenye magamba, kutoka hapo unatoka uzi mwembamba mgumu hadi kijiazi kingine, na kingine tena, mnyororo mzima. Kijiazi cha karibu na majani hukitawala kile kinachofuata, hukizuia kisichipue. Ukikata mnyororo kwa jembe, kila kijiazi kinabaki huru na kinaamka. Ndiyo sababu ukilima ndago kwa jembe la mkono wakati wa mvua, wiki mbili baadaye unaikuta imeongezeka.

Glifosati inaweza kuua vijiazi vilivyounganishwa na majani uliyoyapiga, ila haiui vile vilivyolala bila jani. Basi ipige mara moja ikiwa na majani ya kutosha, inapoanza kutoa maua, ikiwa haijaguswa na jembe kwa wiki kadhaa. Ukimaliza, usilime mapema. Kwenye mahindi na miwa kuna halosulfuroni, inayochagua ndago na kuliacha zao. Soma lebo kuona kama iliyopo dukani imesajiliwa kwa zao lako.

Njia isiyo na dawa inaanzia kiangazi. Kijiazi cha ndago hakivumilii kukaushwa. Lima shamba baada ya mavuno udongo ukiwa mkavu, uvipandishe vijiazi juu, uviache vichomwe na jua, kisha urudie tena kabla ya mvua. Udhaifu wake mwingine ni kivuli. Ndago hupenda jua, na chini ya marando ya viazi vitamu, fiwi au upupu uliofunika vizuri inadhoofika msimu hadi msimu. Ila nailoni nyeusi wanayotandaza wakulima wa nyanya haiisumbui: ncha yake ni kali, inaitoboa na kutokea juu.

"Yamekufa yote isipokuwa aina moja"

Gugu linalobaki mara nyingi ni kongwe, lile la maua ya buluu na shina la majimaji lenye vifundo, ambalo kila kipande chake kikigusa udongo wenye unyevu huota. Kongwe kwa asili yake huvumilia glifosati, hasa likishakua. Ukiua majirani zake wote kila msimu kwa dawa hiyohiyo, unalifungulia nafasi. Baada ya miaka michache shamba zima ni kongwe, na watu husema dawa imeisha nguvu.

Usugu wa kweli ni jambo jingine. Hapo gugu ambalo zamani lilikuwa likifa sasa halifi, na ukitazama kwa karibu unakuta mmea mzima umesimama kando ya mwenzake wa aina ileile aliyekauka, wote wakiwa wamepata dawa sawa. Huko Australia nyasi ya raigrasi iliyoshinda glifosati iliripotiwa mwaka 1996, na tangu hapo magugu mengine mengi duniani yamefuata njia hiyo. Chanzo ni sumu moja kurudiwa mwaka baada ya mwaka. Kubadilisha jina la biashara hakusaidii chochote kama sumu ya ndani ni ileile. Namba au herufi ya kundi iliyoandikwa kwenye lebo ndiyo ya kutazama.

La kufanya: ng'oa kwa mkono mimea iliyobaki kabla haijatoa mbegu, hata kama ni kazi ya siku nzima. Kongwe lisiachwe limelala shambani, litoe nje na ulikaushe juu ya mawe au turubai. Msimu unaofuata badilisha zao na njia pamoja. Dozi mara mbili hapa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inabakiza ile mimea migumu kuliko yote izae peke yake.

"Nilipiga kabla ya kuota, na magugu yameota kama kawaida"

Atrazini na metolaklori zinahitaji unyevu ili zishuke hadi pale mbegu za magugu zilipo. Ukipiga kwenye udongo mkavu na mvua ikachelewa zaidi ya wiki, magugu yanaota kutokea chini ya dawa. Madongoa makubwa na mabua mengi juu ya ardhi pia huizuia isifike. Na kama magugu yalikuwa yameshaota ulipopiga, metolaklori haiyagusi. Usirudie dawa, palilia.

"Shamba lina mistari: mmoja umekufa, mmoja umebaki"

Nozeli imeziba upande mmoja, au mpigaji anarusha bomba huku na huku akitembea kwa mwendo unaobadilika. Kwa dawa za magugu tumia nozeli ya feni, inayotoa maji kwa umbo la pembetatu bapa, siyo ile ya koni iliyokuja na bomba kwa ajili ya wadudu. Usiizibue kwa sindano wala kwa mdomo. Tumia mswaki laini na maji.

Halafu pima. Weka kambaa za mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu, upige eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha upime maji yaliyotumika. Zidisha mara 40 upate lita za ekari moja. Ukitumia lita 3, ekari itahitaji lita 120, yaani mabomba saba na nusu ya lita 16. Lebo ikisema lita moja na nusu ya dawa kwa ekari, kila bomba litapata mililita 200. Mwenzako anayetembea haraka atapata hesabu tofauti, kwa hiyo kipimo cha "vifuniko viwili kwa bomba" alichokuambia jirani ni chake, siyo chako.

Nashauri pia uache kila mara kipande cha hatua mbili tatu bila kukipiga, ukichomeke mti. Bila kipande hicho huna cha kulinganisha nacho, na kila mjadala kuhusu dawa unakuwa wa maneno tu.

"Mahindi yamepinda, yamepauka au yamedumaa"

Mahindi yaliyojiviringisha majani kama la kitunguu, shina limepinda chini, mizizi ya juu ya ardhi imeungana kama kiganja, na mmea unavunjika kwa upepo mdogo: hiyo ni 2,4-D iliyopigwa kwa kuchelewa. Mahindi huivumilia yakiwa madogo. Yakishafika magotini, inaingia kwenye kiini yakiwa yanakua kwa kasi. Mengi yatajinyoosha yenyewe, kwa hiyo usiyang'oe. Ila usipitishe mtu wala plau katikati yake kwa siku kumi hivi, maana ni mepesi mno kuvunjika.

Majani ya katikati yakigeuka meupe au manjano wiki moja baada ya kupiga kando ya mstari, ni glifosati. Mahindi tunayopanda Tanzania hayajatengenezwa kuistahimili, na muuzaji anayekuuzia glifosati kama dawa ya "kupiga juu ya mahindi" anakuangamizia shamba. Mmea uliopauka kiini haupati nafuu. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika kwenye majani ya zamani huku jani jipya likitoka safi ni matone ya parakwati, na huo utapona.

Kuna kisa kimoja ambacho wengi hawakijui, nacho kimeongezeka tangu viwavijeshi vamizi waingie. Nikosulfuroni ni dawa nzuri ya nyasi ndani ya mahindi, lakini mahindi huivumilia kwa kuivunjavunja ndani yake, na viuadudu vya jamii ya fosforasi, kama klopirifosi au profenofosi, huuzuia mmea usiweze kufanya hivyo. Mkulima anachanganya zote bombani ili apige mara moja. Siku chache baadaye mahindi yana mkanda wa manjano kwenye jani changa, yamedumaa, majani yamekunjana. Acha angalau wiki moja kati ya dawa hizo, au zaidi lebo ikisema hivyo.

Na usichanganye haya na njaa ya naitrojeni: hapo manjano huanzia kwenye ncha ya majani ya chini na kushuka katikati ya jani kwa umbo la V. Hiyo inataka mbolea.

"Nyanya zimejikunja na mimi sijapiga dawa ya magugu"

Majani membamba kama uzi, vikonyo vimejisokota, ncha ya mche imeinama, mishipa ya jani imesogeleana. Wengi hudhani ni virusi. Virusi huanza mche mmoja hapa na mwingine pale. 2,4-D hupiga eneo kwa pamoja. Nyanya, pamba, alizeti, maharage na mihogo vyote huumizwa na kiasi kidogo sana cha dawa hii.

Muulize kwanza aliyelishika bomba. Bomba lililobeba 2,4-D likasuuzwa kwa maji peke yake bado lina sumu kwenye mpira, kwenye chujio na ndani ya mpini. Suuza mara tatu, kisha lijaze maji yenye amonia ya kusafishia nyumba, upulize kidogo ili ipite kwenye mpira, uiache ilale usiku kucha, asubuhi umwage na kusuuza tena. Kuwa na bomba la pili kwa ajili ya wadudu na ukungu ni bora zaidi, na kwa mkulima wa mboga gharama yake hurudi msimu wa kwanza. Jirani wakigawana, moja linakuwa la magugu milele, liandikwe kwa rangi nyekundu.

Kama bomba ni safi, uliza kuhusu upepo, halafu uliza kuhusu samadi. Baadhi ya dawa za malisho, kama aminopiralidi na pikloramu, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika na kubaki kwenye samadi kwa miezi. Jaribu hivi: changanya samadi hiyo na udongo kwenye kopo, udongo mtupu kwenye kopo jingine, panda maharage manne kila moja, usubiri wiki tatu. Maharage yatakuonyesha.

"Maharage yameota vizuri, kisha yanakauka pembezoni mwa majani"

Uliza kilichopandwa hapo msimu uliopita. Kama ni mahindi yaliyopigwa atrazini, umeshapata jibu. Manjano yanaanzia kwenye majani ya chini, pembezoni na kati ya mishipa, kisha yanakuwa kahawia. Kiini hubaki kijani kwa muda. Atrazini hukaa udongoni kwa miezi, na hukaa zaidi kwenye udongo wa magadi na pale mvua zilipokuwa chache. Hakuna dawa ya kuiondoa. Panda hapo mahindi au mtama, na ukipanga kuchanganya mahindi na maharage, usiinunue kabisa. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni miaka ya 2000 kwa sababu ya kuingia kwenye maji ya ardhini, jambo la kufikiria kwa yeyote mwenye kisima shambani.

"Mahindi yananyauka udongo ukiwa na maji, kisha vimaua vya zambarau vinatokea"

Hicho ni kiduha, magharibi mwa Kenya wanakiita kayongo. Ukikiona juu ya ardhi kimeshakunywa mahindi yako kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinajishikiza kwenye mizizi chini kwa chini. Ndiyo maana dawa ya kupuliza inachelewa hata ikikiua. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja harufu ya mzizi wa nafaka.

Hapa njia mbadala zinaishinda dawa waziwazi. Vuta-Sukuma, iliyoanzishwa na watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, ni kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na matete au nyasi ya brakiaria kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huzidanganya mbegu za kiduha ziote, kisha huzizuia zisiushike mzizi wa mahindi, zinakufa. Matete huvuta nondo wa viwavi vya mashina nje ya shamba. Ng'ombe anapata malisho ya vyote viwili. Ugumu wake ni msimu wa kwanza: mbegu ya desmodiamu ni ghali na ndogo, miche yake huchelewa, na kibarua asiyeijua ataing'oa akidhani ni gugu. Simamia palizi hiyo mwenyewe. Ikishashika, inakaa miaka, na unaweza kuieneza kwa vipande vya matawi.

Asiye na mbegu hiyo abadilishane mahindi na soya, kunde au pamba, atie samadi, maana kiduha hupenda udongo uliochoka, na ang'oe kila kiduha kabla hakijatoa maua. Kenya kuna pia mahindi yaliyopakwa imazapiri kwenye mbegu, yaliyoingia sokoni kwa jina la Ua Kayongo. Yanasaidia, ila osha mikono kabla ya kushika mbegu za maharage, la sivyo zitakufa.

"Natamani kuacha dawa, lakini vibarua wananishinda"

Hili ni tatizo halali. Palizi ya mkono ni kazi ngumu, na nyumba nyingi inawaangukia akina mama na watoto. Lakini siyo lazima shamba liwe safi msimu wote. Kwa mahindi, wiki ya pili hadi ya sita baada ya kuota ndizo zinazoamua mavuno. Magugu ya baadaye yang'olewe tu yasizae mbegu. Weka nguvu zako zote hapo.

Punguza pia mzigo wenyewe. Andaa shamba mapema, acha mvua ya kwanza ioteshe magugu, yaparue yakiwa madogo kama vidole bila kugeuza udongo, ndipo upande. Panda kwa mistari ili plau ya palizi ya ng'ombe au punda ipite. Mistari ikikaribiana kadiri zao linavyoruhusu, majani yatafunika ardhi mapema. Kwenye migomba na kahawa tandaza majani makavu unene wa kiganja. Shamba lililochoka lipumzishe kwa marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao Peramiho kule Ruvuma waliusambaza sana kwa ajili ya kufunika magugu na kurutubisha udongo.

Kwa mpunga, wenye maji ya uhakika kama Mkindo (Morogoro) au Mwea (Kenya) wapande miche kwa mraba wa sentimita 25 na kusukuma mashine ya palizi ya mkono yenye meno kuanzia siku ya kumi baada ya kupandikiza. Ila inataka mistari iliyonyooka pande zote mbili, vinginevyo itang'oa mpunga.

"Baada ya kupiga, ngozi inawasha, kucha zimebadilika, kichwa kinauma"

Hizo ni dalili za sumu kukugusa. Simama, vua nguo zote, oga kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake. Tafuta mahali inapovuja: mara nyingi ni mfuniko wa bomba, unaodondosha dawa mgongoni, au kifundo cha mpira karibu na mkono. Saa ya kumimina dawa ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haijachanganywa. Vaa glavu za mpira, buti na kitu cha kukinga macho hata kama hutavaa kingine.

Kuhusu glifosati na saratani, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mamlaka za Ulaya hazikukubaliana nalo na mwaka 2023 ziliiongezea kibali miaka kumi. Wakati wanabishana, ngozi yako ikinge.

Parakwati haina mjadala. Haina dawa ya kuizima, na funda moja linatosha kuua. Mtu akiimeza anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, kisha mapafu yakaanza kufa. Mpeleke hospitali dakika hiyohiyo, akiwa anajisikia vizuri au la, na ubebe chupa yenye lebo. Maziwa hayaitibu. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu 2007, na mimi sioni sababu ya kuiweka kwenye nyumba yenye watoto. Dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa kazi ya siku moja. Chupa tupu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, kisha itoboe kwa msumari ili asiwepo wa kuiokota na kuitilia mafuta ya kula.